Nafasi ya Idella

Alhamisi ile saa kumi na moja jioni Roscoe Tillery alikuwa bado anapiga pasi aproni za wajakazi katika duka la dobi la Mtaa wa 133, Harlem, akizipanga nyeupe juu ya nyeupe, na mguu wake wa kushoto ukicheza peke yake chini ya meza. Alhamisi ndiyo siku ambayo wapishi na wajakazi wa New York walipewa nusu siku yao. Walipanda treni ya chini ya ardhi wakarudi mitaa yao, viatu vya dansi vimo ndani ya mifuko ya karatasi, na kabla jua halijazama ukumbi wa Barabara ya Lenox ulikuwa umeshaanza kutikisika. Waliokaa ng'ambo ya barabara walijifunza kuteremsha vikombe rafuni mapema.

Roscoe alizima pasi, akanawa uso, akabadili shati, akaenda. Idella Pruitt alikuwa juu ya ngazi za ukumbi, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa mrefu kumzidi Roscoe kwa kipaji kizima cha uso, na hakuwahi kuvaa viatu vya chini ili kumfichia.

"Umechelewa," akasema. "Au leo aproni zimekushika miguu?"

"Zako ndizo zilizonichelewesha. Sijui huwa unapikia au unadekia."

"Nadekia. Kitambaa cha kudekia wanampa mbwa wao alalie."

Wakaingia wakicheka, wakakata ukumbi moja kwa moja hadi kwenye kona ya kulia kwa jukwaa. Kona hiyo ilikuwa na wenyewe. Haikuwa na kamba wala bango, lakini mgeni akijipenyeza alipishwa kwa adabu, kisha mateke ya kucheza yakaanza kumpata kwenye miundi, bahati mbaya moja baada ya nyingine, mpaka akaelewa. Mkubwa wa kona alikuwa Otho Bell, kibonge mwenye jino la dhahabu, aliyecheza dansi ya swingi tangu siku ambazo haikuwa na jina hilo, enzi watu wanashuka kutoka Karolina na Georgia, kila mmoja na mguu wa kwao, wakaja kuichanganya hapahapa juu ya sakafu ya mbao. Kona ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mtu haibi hatua ya mwenzake. Ya pili, bendi haikatizi wimbo maadamu kuna mtu anachemka konani. Otho aliinua kidole kimoja tu, na wapiga tarumbeta waliokuwa wanatamani sigara zao wakarudi mwanzo wa wimbo bila kununa.

Katikati ya wimbo wa pili Roscoe alimzungusha Idella, akamsukuma nje kwa urefu wa mkono, na Idella akatoweka. Lucius Mabry, aliyekuwa anacheza pembeni yao na msichana mmoja mpya, akatoweka naye.

"Alabama hiyo," akasema Otho, akitupa jicho kwenye saa ya ukutani. "Leo wamefungua mapema."

Watu wakasogea wakaacha nafasi. Msichana mpya akaonyeshwa pa kukaa, akaletewa soda. Roscoe hakusimama. Aliendelea kucheza na mkono wake wa kulia wazi mbele yake, kiganja juu, akiitunzia nafasi ile mizunguko na mivuto yake yote. Ndivyo walivyozoea. Mara ya kwanza kabisa alikuwa amesimama akishangaa, na Idella aliporudi kwa mwendo uleule aliotoka nao alikosa pa kushika, akaangukia uso, akavunjika jino. Tangu hapo hakuna aliyesimama.

Wimbo ulipokaribia mwisho vidole vya Idella vilirudi kiganjani mwa Roscoe. Alikuwa amevaa gauni jeusi la kijakazi, aproni nyeupe na kofia ya lesi, na alinuka siki. Gauni la njano alilotoka nalo halikurudi.

"La njano limekwenda," akasema, hatua hajakosa hata moja.

"Si nilikwambia uvae la zamani?"

"La zamani lilikwenda Jumanne. Mississippi."

Mambo haya yalianzia kwenye filamu. Mwaka uliotangulia, mtu wa kampuni moja ya sinema alikuja ukumbini na kofia yake mkononi, akakaa karibu na kona, akachagua wachezaji. Alimchagua Idella na Roscoe kwanza. Alisema watapelekwa California, watacheza wimbo mmoja mzima, na watapewa mavazi. Mavazi yalipoletwa kupimwa yalikuwa sare: wanawake wajakazi, wanaume wapishi. Roscoe aliitazama kofia ndefu ya mpishi, akairudisha kwenye sanduku.

"Vitu hivi navipiga pasi kutwa," akasema. "Sivai."

"Mimi naivaa juma zima kwa watu wasionitazama," akasema Idella. "Nitaivaa siku moja Mama anitazame."

Basi akaenda na Lucius Mabry, aliyekuwa mchezaji mzuri tu na mtu asiyependa ubishi. Roscoe alinuna kutwa ile. Jioni akampelekea Idella stesheni keki ya viazi vitamu imefungwa kwa gazeti, akampungia mkono mpaka treni ikaisha. Wivu alikuwa nao, na alijua anao.

Filamu ilitoka, Harlem ikaiona, watu wakapiga makelele hadi mwenye sinema akairudisha nyuma waione tena. Kisha ikaenda Kusini. Huko wenye majumba ya sinema hawakutaka kuonyesha watu weusi wakichangamka kiasi kile, kwa hiyo mwendesha mashine alikata sehemu yao kwa mkasi kabla ya onyesho, akaunga mkanda kwa gundi inayonuka siki, akaendelea. Kila walipokatwa, Idella na Lucius waliondoka walipokuwa, wakakaa huko muda wa wimbo ule, wakarudi. Idella alimweleza Roscoe huko kulivyo. Ni kichumba kidogo cha juu, chenye joto, na mtu mwenye kijiti mdomoni ambaye hageuki. Chini kuna kapu la vipande vilivyokatwa, na ndani ya kapu walimkuta mwanamama mmoja, mwimbaji aliyekatwa kwenye filamu nyingine. Yeye alikuwa ameshazoea, akawasogezea nafasi. Wimbo wao ulipigwa kutoka mahali wasipopaona, nao wakacheza kidogo, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya. Nyuma ya ukuta waliwasikia watu wakicheka kwa jambo lililofuata katika filamu.

Tajiri wa Idella, mama mmoja wa mjini, hakuona ajabu yoyote. Alimkata mshahara wa dakika hizo, basi.

Walikwenda kwenye ofisi ya kampuni, Roscoe, Idella na Lucius, wamevaa nguo za kanisani. Walipokewa na kijana mpole, akawapa viti.

"Hilo si letu," akasema. "Ni la wenye majumba. Wana ruhusa ya kukata."

"Mnakata watu," akasema Roscoe.

"Tulilifikiria. Ndiyo maana sehemu yao tuliipiga peke yake. Mtaona hakuna mhusika anayesema nao, wala anayepita mbele yao. Ikitoka, hadithi haipungui kitu." Alisema hivyo kwa fahari ya fundi cherehani anayekuonyesha mshono usioonekana.

"Kwa hiyo mlijua tangu tunapimwa sare?" Idella akauliza.

"Tangu kabla," akajibu kijana, akawauliza kama wangependa maji.

Hawakutaka maji. Walishuka ngazi, na huko barabarani Lucius alisema kwamba angalau walikaribishwa viti. Roscoe alitamani kumpiga kofi.

Majira ya baridi yalipoanza, mambo yakageuka. Lucius alirudi Alhamisi moja na mkono wa koti umeungua hadi kwenye kiwiko.

"Kuna jumba hawaweki kapu," akasema, akiuchovya mkono kwenye ndoo ya barafu ya baa. "Vipande vinatiwa ndani ya jiko la kupashia jumba joto. Na ule mkanda unashika moto kuliko mafuta ya taa. Tumetoka wimbo unaishia, nikaona kabisa mlango wa jiko unafunguliwa."

"Na yule mama mwimbaji?" akauliza Otho.

Idella na Lucius wakatazamana. Hawakuwa wamemwona tena tangu juzi. Otho alivua kofia, akaivaa, akaiambia bendi iendelee.

Juma lilelile Mama mdogo Hattie, mdogo wa mama yake Idella, aliteremka kutoka treni ya Georgia na kikapu cha mboga kavu na habari. Filamu ingefika kwao Alhamisi ijayo. Mama Verdell, mama yake Idella, alikuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu huko, na Alhamisi ndiyo nusu siku yake pia.

"Kanunua kofia," akasema Mama mdogo Hattie. "Kanisa zima limeshaambiwa. Wanapandia ngazi za nje mpaka roshani ya juu ya weusi, yeye katangulia kusema kiti cha mbele ni chake, mwenye ubishi na aje."

"Na jumba lenyewe," akauliza Idella polepole, "lina jiko?"

"Lina jiko kubwa! Joto lake hata sisi wa roshani linatufikia, Mungu awabariki."

Idella akashukuru kwa mboga. Hattie alipokwenda kulala, Roscoe alimwambia Idella amwandikie mama yake asiende.

"Nimwambie nini? Airudishe kofia?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba alimzaa mtu wa kukatwa. Hilo analijua, Roscoe. Anataka kusahau jioni moja. Mlango wa kile kichumba haufungwi kwa ufunguo. Nitatoka, nishuke, nikae naye. Kama hawezi kuniona kule mbele, atanikuta pembeni yake."

"Wimbo wenyewe mfupi. Ukikwisha uko nje ya chumba, unarudije?"

"Hautakwisha. Lucius atabaki anacheza. Siku zote tumekuwa tukicheza kule kama watu wanaodeki sakafu, ndiyo maana wanatukatizia. Mtu akichemka, bendi haikatizi."

Roscoe alifikiri, akaona ni kweli. Mtu asiyekulia konani angeuliza swali moja zaidi, lakini Roscoe alikulia konani. Maisha yake yote hakuwahi kuona bendi ikimwacha mchezaji hewani. Otho naye, alipoambiwa, alitikisa kichwa kwa kukubali, akashauri Lucius aanze taratibu asiishiwe pumzi.

Siku zilizofuata Roscoe alifanya jambo ambalo mwenye kona halifanyi. Alimwita Lucius nyuma ya duka la dobi, katikati ya mapipa ya sabuni, akamfundisha hatua yake mwenyewe, ile ya kuteleza na kurudi ambayo watu walikuwa wakipanda ngazi kuja kuitazama. Alimfundisha yote, hata siri ya kisigino.

"Kaka, una hakika?" akauliza Lucius.

"Icheze mpaka sakafu ya watu iombe huruma. Ukiniharibia nitakuvunja miguu yote miwili."

Roscoe alimpenda Idella na hakuwahi kumwambia, kwa sababu walikuwa wakishikana mikono kila juma, na aliona hilo linatosha. Usiku wa kuamkia Alhamisi aliona halitoshi. Alipanga kumwambia ukumbini, baada ya wimbo.

Alhamisi Idella alikuja amevaa gauni lake bovu kuliko yote, maana lisingerudi. Nywele tu ndizo alizozitengeneza. Wageni wa mjini walikuwa wengi jioni ile, Wazungu waliokuja kutazama, wamekaa kwenye meza za pembeni. Mmoja wao, mwanamke mwenye shule ya dansi, alikuwa ameegemea kizuizi akiangalia miguu kwa makini.

"Nikirudi nitakuwa nanuka siki," akasema Idella.

"Siku hizi naona ndiyo harufu yako."

Akacheka, Roscoe akamzungusha, akamsukuma nje kwa urefu wa mkono, na vidole vikaondoka.

Otho aliinua kidole. Bendi ikarudi mwanzo. Roscoe alicheza na mkono wazi, akaizungusha nafasi, akaivuta, akaipisha chini ya kwapa lake, akaisubiri. Kona nzima ilipiga makofi kumpa pigo. Otho akainua kidole tena, na tena. Mpiga tarumbeta mmoja midomo ilianza kumtoka damu, akaifuta kwa kitambaa, akaendelea. Mwanamke wa shule ya dansi alikuwa ameshaanza kuujaribu mkono ule, kiganja juu, pembeni ya meza yake.

Lucius alirudi akiwa amepiga magoti. Sare ya mpishi ilikuwa imeungua mgongo mzima, na nyusi hana.

"Alitoka," akasema. "Alifika mlangoni, akashuka. Nilicheza, Roscoe. Yako nimeicheza, yangu nimeicheza, ya marehemu baba nimeicheza. Wimbo ukakatika palepale unapokatikaga. Hawakuniangalia hata! Ile bendi haituoni."

"Na jiko?"

Lucius alivua ile sare, ikamwachia majivu mikononi.

Roscoe hakusimama. Bendi ya kwanza ilipochoka, ile ya jukwaa la pili iliudaka wimbo bila kuacha pengo, kama ilivyokuwa desturi. Shati lilimganda mwilini, goti likavimba, na mkono ulibaki palepale, wazi, juu kidogo kuliko wa wanaume wengine kwa sababu ya urefu wa Idella. Mwishowe kitu kikamwangukia kiganjani. Akafunga vidole. Ilikuwa sare ya kijakazi, gauni, aproni na kofia ya lesi, bado ina joto, na hapakuwa na mtu ndani yake. Otho alishusha kidole, na bendi ikanyamaza. Wageni wa pembeni walisimama wakapiga makofi.

Roscoe alikwenda na ile sare nyumbani, akaifua, akaipiga pasi.

Filamu iliendelea kuzunguka Kusini. Lucius aliondoka na kurudi, akazoea kuvaa shati bovu kila siku. Idella hakurudi, lakini kila wimbo wao ulipokatwa mahali fulani, sare nyingine ilimwangukia Roscoe mkononi, konani, mbele ya watu. Wenzake waliendelea kumwachia nafasi. Sare zilipojaa chumbani kwake mwenye duka la dobi alizichukua, kwa kuwa hazikuwa na mwenyewe na zilikuwa safi, akazipeleka kwa wakala wa kutafutia watu kazi za nyumbani. Wasichana wapya waliokuwa wakishuka treni ya Georgia walizipata zimewakaa vizuri, isipokuwa walilalamika kidogo kwamba ni ndefu.

Majani yalipochipua Mama mdogo Hattie alikuja tena. Alikwenda kumwona Roscoe dukani, akakaa juu ya pipa, akakataa chai.

"Dada anasema filamu ilikuwa fupi na haina maana," akasema. "Anasema kama Idella alikuwemo, basi yeye alipepesa macho akampita."

"Hakuona mtu yeyote?"

"Kuna kijakazi wa watu alikuja akaketi pembeni yake gizani. Kavaa sare, ananuka siki. Alimshika mkono, na mkono wenyewe ulikuwa unapigapiga, kama wa mtu anayefuata muziki. Dada hakumtazama usoni. Macho yake yalikuwa mbele, asije akapitwa. Alimwambia tu, 'Tulia, mwanangu, binti yangu anatokea sasa hivi.'"

Pasi ilikuwa imekaa juu ya aproni mahali pamoja. Roscoe akainyanyua.

"Halafu?"

"Halafu taa zikawashwa, hayupo. Dada kaudhika kidogo, maana alitaka kumwonyesha kofia." Mama mdogo Hattie akainuka, akajikung'uta sketi. "Filamu inarudi kwetu mwezi ujao, watu wameipenda. Kasema safari hii atawahi zaidi."

Ilikuwa Alhamisi. Roscoe alibadili shati, akapanda ngazi za ukumbi, akakata katikati ya watu hadi konani. Kwenye meza za pembeni walikuwepo wageni wa mjini pamoja na mwalimu wao, yule mwanamke wa shule ya dansi, ambaye sasa alikuwa akiifundisha hatua ile ya mkono wazi darasani kwake na ilikuwa imeanza kusafiri, Boston, Chicago, London, kila mahali ikipendwa. Aliwakumbusha wanafunzi wake watabasamu. Bendi ikaanza, Roscoe akafungua mkono, na wao wote nyuma yake wakafungua mikono yao, viganja juu, wakingoja.